Kuhesabu Seli za Maji ya Ziwa kwa Kamera ya Simu

Maji ya Ghuba ya Mwanza yakigeuka kijani, kila mtu Nyegezi huwa na lake la kusema. Mvuvi anasema samaki wamehama. Mwenye kizimba anapiga simu kuuliza alishe au asubiri. Mama anayechota maji Luchelele anausogeza ute kwa mkono, anajaza ndoo na kuondoka. Wote wanaona ukijani uleule, lakini hakuna mwenye namba. Maji yenye seli 30,000 za sayanobakteria, bakteria wanaoleta ukijani huo, katika kila mililita na yale yenye seli 300,000 hayana hatari sawa, na aliyesimama mwaloni hawezi kuyatenganisha kwa macho.

Namba hiyo unaweza kuipata mwenyewe. Nakuandikia wewe unayesoma au kufundisha uvuvi hapa Nyegezi, wewe mwalimu wa biolojia, na wewe mfugaji wa samaki uliye na rafiki mwenye ufunguo wa maabara. Ninachukulia kuwa unaipata hadubini ya kawaida ya shule au chuo, yenye lenzi za 10 na 40, na kwamba una simu janja. Kamera maalumu ya hadubini si lazima.

Jambo moja lishike kabla ya yote. Kamera ya simu imeundwa ili picha ipendeze. Inang'arisha penye giza, inakoleza rangi, inanoa kingo na kulainisha chembechembe za ukungu, tena inafanya hivyo upya kwa kila picha bila kukuuliza. Mpiga picha wa harusi anashukuru. Anayepima seli anaharibiwa kazi, kwa sababu picha mbili za tone lilelile zinaweza kutoka na ukubwa, rangi na mwangaza tofauti. Karibu kila hatua utakayoisoma hapa chini inalenga kuizuia simu isiamue kitu kwa niaba yako.

Na uwezo inao. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, maabara ya Daniel Fletcher, walizipima kamera za simu za aina mbalimbali zikiwa juu ya hadubini. Walikuta kwamba kamera yenye zaidi ya megapikseli 5 inakaribia ukomo wa lenzi yenyewe katika kuonyesha vitu vidogo, kufikia hata seli moja moja. Lililoshusha ubora ni fokasi, mwangaza na rangi vinavyojirekebisha vyenyewe. Simu nyingi zinazouzwa leo mjini Mwanza zimeshavuka megapikseli 5 zamani. Kwa hiyo usihangaike kutafuta simu ya bei kubwa. Tafuta inayokuruhusu kufunga mipangilio kwa mkono.

Afrika Mashariki tuna historia yetu katika jambo hili, na tukio la Pemba linafundisha kuliko mengine. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, Isaac Bogoch na wenzake, wakiwemo wataalamu wa Zanzibar, walibandika lenzi ya mviringo ya milimita 3, yenye thamani ya dola 8 hivi, kwenye kamera ya iPhone 4S kwa utepe wa gundi wa pande mbili. Wakaitumia kutazama slaidi 199 za choo cha watoto wa shule wakitafuta mayai ya minyoo, kisha wakalinganisha na hadubini ya kawaida. Mayai ya minyoo mikubwa ya Ascaris waliyakamata katika asilimia 81 ya walioambukizwa. Ya minyoo mjeledi, asilimia 54. Ya safura, asilimia 14 tu. Simu ilikuwa moja, mikono ileile, lakini matokeo yakapishana kiasi hicho; yai la safura lina ganda jembamba na halionekani kirahisi penye uchafu. Kwa hiyo ukiambiwa "simu inaweza kuhesabu", uliza kwanza inahesabu nini. Microcystis, sayanobakteria wa ziwa letu, ana seli za mikromita 4 hadi 6, ndogo kuliko chembe nyekundu ya damu. Lenzi ya kubandika haimtoshi. Weka simu juu ya hadubini kamili.

Kuchota maji

Usiingie ziwani kwa miguu. Ufukwe wa Mwanza una kichocho, na kiboko na mamba nao hawajahama. Chota ukiwa kwenye boti au gati, au funga chupa kwenye mti mrefu. Izamishe ikiwa imeinama mdomo chini hadi sentimita 30 hivi, kisha igeuze ijae. Ute ulioelea juu usiuchanganye humo. Ukitaka kuupima, uwekee chupa yake, maana ute ulisukumwa na upepo hadi hapo na hausemi ghuba nzima ikoje. Chagua saa moja na uishike, tuseme saa tatu asubuhi, kwa sababu sayanobakteria hawa hupanda na kushuka majini kadiri ya jua na utulivu wa maji.

Gawa sampuli sehemu mbili. Sehemu ndogo ibaki hai, utaipiga picha siku hiyohiyo ili umtambue nani ni nani: Microcystis aliyejikusanya kama wingu lisilo na umbo, Dolichospermum aliyejipanga mnyororo, au vijiti vyembamba vya Nitzschia, ambaye ni diatomu na si sayanobakteria. Sehemu kubwa itie ayodini ya Lugol, nusu mililita hadi mililita moja kwa kila mililita 100, mpaka maji yafanane na chai ya rangi isiyokolea. Ayodini huua seli na kuzipa uzito, ila hupaka kila kitu ukahawia, ndiyo maana nimesema piga picha za utambuzi mapema. Tumia chupa ya kioo na uifunike mwanga.

Sasa suala la kuelea. Seli za Microcystis zina vifuko vya hewa ndani, na vifuko hivyo ndivyo vinavyoziinua. Usipovivunja, nusu ya seli zako zitang'ang'ania juu huku wewe unazisubiri chini. Njia ya zamani ya wanabiolojia bado inafanya kazi: kabla ya kutia ayodini, jaza chupa imara ya plastiki hadi pomoni bila kuacha hewa, tia kizibo cha kork, kisha kigonge kizibo kwa nyundo pigo moja la nguvu. Shinikizo linavipasua vifuko. Utaliona kwa macho: maji yaliyokuwa na ukungu wa maziwa yanakolea rangi na kuwa angavu zaidi, na baada ya muda seli zinaanza kushuka. Vaa miwani ya kinga na ushike chupa ndani ya beseni.

Kisha tia ayodini, jaza silinda ya lita moja na uiache siku tatu mahali pasipotikiswa. Nyonya maji ya juu polepole kwa mpira wa dripu ambao ncha yake umeikunja itazame juu, ili usivute mashapo. Bakiza mililita 20. Weka tone la maji uliyoyanyonya chini ya hadubini. Ukikuta seli humo, hazijamaliza kutua, rudisha na usubiri.

Unaweza kuuliza kwa nini tusihesabu maji kama yalivyo. Sababu ni ya hesabu tupu. Chemba ya kuhesabia ya Neubauer, ileile ya hospitalini ya kuhesabu chembe za damu, ina mraba wa katikati wa milimita 1 kwa 1 na kina cha milimita 0.1. Ujazo wake ni mililita 0.0001. Seli moja ukiiona humo ni sawa na seli 10,000 katika mililita. Kwa maji yenye seli 2,000 kwa mililita, utatazama miraba mingi bila kuona kitu na utaandika sifuri, na sifuri hiyo itakuwa ya uongo. Ukiyapunguza maji kutoka lita moja hadi mililita 20, umeyakoleza mara 50, na sasa seli moja katika mraba huo inawakilisha seli 200 katika mililita ya maji ya ziwa.

Simu juu ya hadubini

Mwanga unapotoka kwenye lenzi ya jicho hukusanyika mahali padogo juu yake, halafu hutawanyika tena. Lenzi ya simu inatakiwa ikae hapohapo. Kupatafuta ni rahisi: washa taa ya hadubini, shika kipande cha karatasi nyeupe juu ya lenzi ya jicho na ukipandishe taratibu. Duara la mwanga litapungua, litakuwa kijitone chenye kingo kali, kisha litaanza kupanuka. Pima umbali wa kijitone hicho kutoka kwenye kioo. Huo ndio umbali wako.

Vishikizo vya simu vinauzwa, lakini fundi bomba anaweza kukupatia kipande cha bomba la plastiki kinachovaa lenzi ya jicho, nawe ukakata pete ya sponji ya ndala ili kisicheze. Juu yake gundisha kava la zamani la simu lililotobolewa penye kamera. Ubora wa kifaa hiki haupimwi kwa urembo. Kinachotakiwa ni kwamba ukiondoa simu na kuirudisha, irudi palepale.

Simu zenye kamera tatu au nne zina tabia ya kubadilisha lenzi kimyakimya mwanga ukipungua. Picha ya kwanza inatoka kwenye lenzi moja, ya pili kwenye nyingine, na kipimo chote kimevurugika. Tumia kamera kuu na uzibe nyingine kwa utepe mweusi. Usivute picha kwa vidole. Kuvuta huko hakuongezi seli wala undani, kunatanua pikseli zilizopo na kubadilisha kipimo.

Fungua kamera kwa hali ya mkono. Kama simu yako haina, programu ya bure ya Open Camera inatosha kwa simu za Android. Funga ISO katika kiwango cha chini, 100 au karibu yake. Funga fokasi ya simu mahali pa mbali kabisa, kisha ulenge seli kwa kuzungusha gurudumu la hadubini. Simu na hadubini zikilenga kwa pamoja zitagombana. Funga mizani ya rangi nyeupe kwenye namba moja. Zima HDR, zima hali ya usiku, zima kila pambo la kurembesha. Kasi ya shata iweke 1/100 au 1/50 ya sekunde: umeme wetu ni wa hezi 50, taa zinazotumia umeme wa ukutani hupepesa mara 100 kwa sekunde, na ukichagua kasi isiyolingana utaona michirizi myeusi ikipita kwenye skrini. Picha ikiwa na mwanga mwingi mno, punguza taa ya hadubini na uache shata. Piga kwa kipima muda cha sekunde 2, kwa kuwa kidole kinapogusa skrini hadubini yote inatikisika.

Kwa kazi ya kuhesabu, picha ya kawaida ya JPEG inafaa. Ukitaka kupima jinsi seli inavyonyonya mwanga, yaani ukolevu wa rangi yake, hapo JPEG itakudanganya. Katika picha ya kawaida pikseli yenye thamani ya 128, ambayo ni nusu ya 255, haijapokea nusu ya mwanga. Imepokea karibu asilimia 22. Simu imeipinda namba ili iendane na jicho la binadamu. Washa picha ghafi, faili za DNG, na ukubali kwamba kadi ya kumbukumbu itajaa upesi.

Kutoka pikseli hadi mikromita

Hapa ndipo picha inakuwa kipimo, na hapa ndipo wengi hupita haraka. Mistari ya chemba ya Neubauer ni rula iliyochongwa tayari. Mraba wa katikati una vikundi 25, kila kikundi kina upande wa mikromita 200 na ndani yake kuna miraba midogo 16 yenye upande wa mikromita 50. Piga picha ya mistari hiyo kwa lenzi ya 40. Katika programu ya kupimia, kama ImageJ nitakayoitaja mbele, pima umbali kutoka mstari wa kwanza wa kikundi hadi wa mwisho. Tuseme ni pikseli 920. Gawanya 200 kwa 920: pikseli moja ni mikromita 0.217.

Pima mara tano, kwa mlalo na kwa wima. Wima na mlalo vikitofautiana, simu imekaa upande. Pima pia katikati ya duara na karibu na ukingo, kwa sababu lenzi nyingi hupinda picha pembeni. Ikiwa tofauti inaonekana, tumia theluthi mbili za katikati tu. Kipimo hiki kinafaa simu hiyo, lenzi hiyo na kishikizo hicho. Ukibadilisha chochote, anza upya.

Je, mikromita 0.217 inatosha? Tazama pembeni mwa lenzi ya chini, ile inayoelekea slaidi. Utaona 40/0.65. Hiyo 0.65 inasema lenzi inakusanya mwanga kiasi gani, na kwa mwanga wa kijani lenzi ya aina hiyo haiwezi kutenganisha nukta mbili zilizokaribiana zaidi ya mikromita 0.5 hivi. Ukihitaji pikseli mbili kwa kila undani, pikseli isizidi mikromita 0.25. Umo ndani ya mpaka. Seli ya Microcystis ya mikromita 5 itachukua pikseli 23 kwa upana, za kutosha kuona umbo lake. Kwa lenzi ya 10 ingechukua pikseli 6 hivi, doa tu. Hiyo itumie kuangalia kama chemba imejaa sawasawa.

Kuhesabu

Koroga mashapo yako kwa kugeuza chupa taratibu mara nyingi. Tumia kioo kizito cha kufunikia kilichokuja na chemba. Kile chembamba cha slaidi hupinda kwa mvuto wa maji, kina cha milimita 0.1 hakibaki 0.1, na ujazo unaoutegemea kwa hesabu yote umepotea. Tia tone ukingoni, liingie lenyewe. Likifurika kwenye mifereji, osha uanze tena.

Subiri dakika tatu seli zitue. Kina cha chemba ni mikromita 100, na lenzi ya 40 inaona kwa ukali tabaka la mikromita moja hivi tu. Picha moja iliyopigwa mapema inakosa karibu kila kitu. Baada ya kutua, lenga chini penye mistari na upige, kikundi kwa kikundi, picha 25 za mraba mzima. Halafu inua fokasi polepole hadi chini ya kioo cha kufunikia huku ukirekodi video. Ukiona seli zimejibanza huko juu, vifuko vya hewa havikuvunjika vyote na hesabu yako ya chini itakuwa pungufu. Mtu anayetazama kwa jicho tupu hupitwa na jambo hili kirahisi. Video unaweza kuirudia hata jioni ukiwa nyumbani.

Seli iliyogusa mstari wa juu au wa kushoto, ihesabu. Iliyogusa wa chini au wa kulia, iache. Vinginevyo utaihesabu mara mbili katika picha inayofuata.

Endelea hadi ufikie seli 400. Namba hii haikuokotwa. Seli zikitawanyika bila mpangilio, wasiwasi wa hesabu ni kipeuo cha pili cha idadi: seli 400 zina wasiwasi wa 20, yaani asilimia 5, na kwa uhakika wa asilimia 95 unazidisha mara mbili ukapata asilimia 10. Ukiishia seli 100, wasiwasi ni asilimia 20. Ukiishia 25, ni asilimia 40, na namba ya namna hiyo usiipeleke kwa mtu anayetaka kuamua jambo. Tuseme umejaza chemba mara mbili, ukapiga miraba ya katikati ya pande zote mbili, jumla miraba minne, ukapata seli 412. Gawanya 412 kwa 0.0004: seli 1,030,000 kwa mililita ya mashapo. Gawanya kwa 50 uliyokoleza: seli 20,600 kwa mililita ya maji ya ziwa. Andika 20,600, jumlisha au toa 2,000. Usiandike 20,612, hiyo ni usahihi usio nao.

Hesabu hiyo inadhani seli zimetawanyika moja moja. Microcystis huishi kwa makundi ndani ya ute, na kundi moja lenye seli 300 linaloangukia mraba mmoja linageuza kila kitu. Tikisa sampuli kwa nguvu, au pasha moto kiasi, makundi yaachane. Yakikataa, hesabu idadi ya makundi, kisha kadiria seli za kundi la wastani, na useme wazi kwenye daftari kwamba umekadiria. Ikiwa ujazaji wa kwanza na wa pili wa chemba vimepishana zaidi ya asilimia 20, tatizo limo kwenye kukoroga.

Ukichoka kuhesabu kwa jicho, programu ya ImageJ, iliyoandikwa na Wayne Rasband wa taasisi za taifa za afya za Marekani na kutolewa bure, hufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida bila intaneti. Piga kwanza picha ya sehemu isiyo na seli, maji matupu, kwa mipangilio ileile. Gawanya kila picha kwa hiyo. Kivuli cha pembeni na vumbi la lenzi vinaondoka. Kisha weka mpaka wa giza na ukubwa, programu ihesabu madoa yaliyomo. Lakini kabla hujaiamini, hesabu picha kumi kwa jicho lako na ulinganishe moja baada ya nyingine. Huko Kampala, watafiti wa akili bandia wa Chuo Kikuu cha Makerere waliofundisha kompyuta kutambua vimelea vya malaria katika picha za simu walitegemea picha ambazo wataalamu wa maabara walikuwa wameshaziwekea alama kwa mkono. Mashine ilijifunza kwa jicho la mtu, na kwako pia jicho liwe la kwanza.

Jambo dogo linaloharibu kazi kubwa: usitume picha zako kwa WhatsApp kama picha. Inazipunguza, na mikromita 0.217 yako haipo tena. Zitume kama dokumenti, au zihamishe kwa waya. Picha asili usiikate wala kuirekebisha. Fanya kazi kwenye nakala.

Namba inasema nini

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu sayanobakteria, liliweka ngazi ya kwanza ya tahadhari kwa chanzo cha maji ya kunywa katika seli 2,000 kwa mililita, na ngazi ya pili katika seli 100,000. Maji ya mfano wetu, 20,600, yameshapita ya kwanza mara kumi. Kwa mtu wa Nyegezi, ambaye jirani yake ni chanzo cha maji cha Butimba, hili si somo la darasani. Utafiti wa Ghuba ya Mwanza uliochapishwa mwaka 2005 na Sekadende, Lyimo na Kurmayer ulichunguza mikrosistini, sumu ya ini inayotengenezwa na baadhi ya sayanobakteria, katika ghuba hii hii.

Nasema baadhi kwa makusudi. Aina mbili za Microcystis zinaweza kufanana kabisa kwenye picha, moja ikawa na sumu na nyingine isiwe nayo. Simu yako inahesabu seli, haipimi sumu. Namba kubwa ni sababu ya kupeleka sampuli kwenye maabara yenye vipimo vya sumu na kuwaarifu wahusika wa maji. Namba ndogo haiwi cheti cha usalama. Na mwambie yule mama wa Luchelele, kwa heshima na bila kumtisha, kwamba kuchemsha hakuondoi mikrosistini. Achote mbali na ute, na akipata maji ya bomba yaliyosafishwa ayatumie hayo kwa kunywa.

Kwa mwenye vizimba, namba ina faida ikifuatana na nyingine. Hesabu moja haimwambii mengi. Hesabu za kila wiki zinazopanda mara mbili, tena mara mbili, zinamwambia apime oksijeni alfajiri, kabla jua halijachomoza, maana usiku seli zote hizo zinavuta oksijeni ileile wanayoitegemea sato wake. Na hapo asipunguze tu chakula kwa kukisia.

Nimetaja minyoo na malaria, lakini mbinu hizi usizitumie kumpima mtu damu au choo ukampa majibu. Utambuzi wa ugonjwa una wataalamu waliosajiliwa, una taratibu za ridhaa na siri ya mgonjwa, na picha ya sampuli ya mtu haifai kukaa katika simu hiyohiyo yenye picha za sikukuu.

Daftari liwe na tarehe, saa, mahali, hali ya upepo, nani amechota, lita ngapi zimekolezwa hadi mililita ngapi, aina ya simu, lenzi, ISO, shata, mikromita kwa pikseli, seli zilizohesabiwa na miraba mingapi. Jina la kila faili libebe tarehe na namba ya sampuli. Bakiza mililita tano za kila sampuli kwenye kichupa cha kioo kabatini, gizani, uongeze tone la ayodini kila rangi inapofifia. Atakayebisha hesabu yako mwezi ujao, mpe kichupa, mpe picha zote 100, ahesabu mwenyewe.